Mgonjwa Akirudi Nyumbani: Mazungumzo na Wanaotaka Kusomea Fiziotherapia

  Nyinyi vijana mlioshika simu mkononi, mnaohesabu alama zenu za kidato cha sita, hongereni kwa kufika hapo. Najua msimu huu ulivyo. Matokeo yametoka, dirisha la kuomba vyuo liko wazi, na nyumbani kila mtu ana lake. Baba anataka udaktari, shangazi anataka ufamasia, na mwenye matokeo yake amekaa kimya pembeni.

Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya kozi ambayo wengi huikuta kwenye kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wakaipita mbio. Au huijaza mwishoni kabisa, baada ya udaktari, baada ya meno, baada ya famasia, ili fomu tu isibaki wazi. Kozi hiyo ni fiziotherapia. Ni kazi yangu, nimeifanya kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimepokea wanafunzi wengi wodini. Wale waliokuja kwa moyo wao nawatambua, na wale walioletwa na alama nawatambua pia. Kwa hao wote nina swali moja, na jioni hii nitalirudia mara kwa mara ili mlishike: mgonjwa huyu akirudi nyumbani, atafanya nini?

Haya, tuanze na kazi yenyewe. Ukimwambia mtu unasomea fiziotherapia, atakuuliza, "Ile ya kuchua?" Usimkasirikie. Kuchua kumo, na hata historia ya taaluma hii imepitia huko: mwaka 1894 kule London wauguzi 4 wanawake walianzisha chama cha wachuaji waliofunzwa, na chama hicho ndicho kilichokua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Lakini kuchua ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kazi kubwa ni kumrudishia mtu uwezo wa kutembea, kukaa, kushika, kupumua vizuri, kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Na dawa yake kuu ni mwili wa mgonjwa mwenyewe, unaofundishwa upya.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda. Kagongwa, mfupa wa paja umevunjika. Daktari wa upasuaji anaweka chuma, mfupa unanyooka, picha ya eksirei inapendeza. Daktari amefanya kazi yake, na ameifanya vizuri. Lakini yule kijana amelala pale, hawezi kunyanyua mguu hata inchi moja juu ya godoro. Msuli wa paja umesinyaa. Goti limeanza kukakamaa kwa sababu anaogopa maumivu, halikunji. Anadhani akitulia ndiyo atapona haraka. Sasa nani atamkalisha? Nani atamsimamisha kwa magongo, amfundishe aukanyage mguu kwa uzito gani, na kwa muda gani? Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, na huwa inaendelea kwa miezi.

Nikueleze jambo moja ambalo nalipenda sana kulifundisha, maana ndilo moyo wa mazungumzo haya. Wanafunzi wakiwa wodini huwa na kifaa kinaitwa goniometa, cha kupimia goti limekunja nyuzi ngapi. Siku moja mwanafunzi mzuri, msikivu, alikuwa akimpima mzee mmoja aliyevunjika karibu na goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

Akapima kwa uangalifu: nyuzi 100. Akaandika kwenye faili kwamba maendeleo ni mazuri, mgonjwa anaweza kuruhusiwa. Na kwa kitabu alichokisoma hakukosea, kwa sababu goti linalokunja nyuzi 100 na ushei linatosha kukaa kwenye kiti, kuinuka, na kupanda ngazi. Nikamwomba amuulize babu maswali mawili tu. Choo cha nyumbani kikoje? Na sala je?

Babu akajibu, "Choo cha shimo, mjukuu wangu. Na msikitini sasa hivi naswalia kwenye kiti, lakini natamani kurudi chini kama wenzangu."

Mnaona, wasikilizaji? Kuchuchumaa kunahitaji goti likunje zaidi ya nyuzi 130. Kukaa chini baina ya sijda mbili, nako ni hivyo hivyo. Kula kwenye mkeka na familia, kupalilia, kufua kwenye beseni, yote yanataka goti linalofika mbali kuliko goti la mtu wa London anayeishi kwa viti na vyoo vya kukalia. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Kwa hiyo babu hakuwa amemaliza, alikuwa katikati ya safari. Na kama goti lingegoma kabisa, kwa sababu yapo magoti hayawezi kufika huko baada ya kuvunjika vibaya, basi yule mwanafunzi angepaswa kuzungumza na familia, fundi seremala achonge kigoda chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Hiyo nayo ni fiziotherapia. Mgonjwa huyu akirudi nyumbani, atafanya nini? Jibu la swali hilo halimo ndani ya goniometa.

Tuingie sasa kwenye masomo. Nani anaweza kusoma kozi hii, na anasoma nini?

Kwa Tanzania njia kuu ya kuingia shahada ni mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Shahada inafundishwa katika vyuo vya KCMC pale Moshi na Muhimbili, Dar es Salaam, na huchukua miaka 4. Ipo pia njia ya stashahada kwa waliomaliza kidato cha nne wakafaulu sayansi, na wengi wameanzia huko, wakafanya kazi, kisha wakarudi chuoni kuchukua shahada. Naiheshimu sana njia hiyo. Anayetoka kazini akarudi darasani huwa na maswali ambayo mwenzake wa moja kwa moja hajayafikia. Wasikilizaji wetu wa Kenya, kwenu kuna Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT kwa shahada, na chuo cha tiba cha KMTC kwa stashahada.

Vijana huniuliza, "Kwa nini fizikia? Si bora wangeweka baiolojia tu?" Hapana. Fizikia ndiyo inayokufanya uelewe kwa nini mtu mwenye nyonga mbovu ya kulia ashike fimbo mkono wa kushoto. Jaribu kumwambia mzee yeyote hivyo, atashangaa, maana kila mtu hushika upande unaouma. Lakini ukielewa nyenzo, ukaelewa uzito unavyoegemea, utaona wazi kwamba fimbo ikiwa upande wa pili inaupunguzia msuli wa nyonga mzigo mkubwa. Mwanafunzi aliyekariri fizikia apite mtihani ataisahau. Aliyeielewa ataitumia kila asubuhi.

Mwaka wa kwanza ni anatomia, fiziolojia, baiokemia. Mifupa 206, misuli zaidi ya 600, na kila msuli una mahali unapoanzia, mahali unapoishia, neva inayouamuru. Mtakutana na maiti katika chumba cha anatomia. Wengi huogopa siku ya kwanza, na si vibaya kuogopa. Nawaomba tu mwingie kwa adabu, kwa sababu yule alikuwa mtu wa watu, na anawafundisha mambo ambayo hakuna picha itakayowafundisha. Mwaka huo wa kwanza ndio wenye sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, na wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni. Piga msuli mapema, usingoje wiki ya mtihani.

Baadaye yanakuja masomo ya jinsi mwili unavyojongea, mazoezi tiba, tiba kwa umeme na joto, magonjwa ya mifupa, ya mishipa ya fahamu, ya moyo na mapafu, ya watoto, ya wanawake. Kisha fildi, yaani mafunzo wodini, ambayo huzidi kila mwaka, na mwaka wa mwisho kuna utafiti wa kuandika.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo havisemi, nami nataka mlijue mapema. Katika kozi hii mnajifunza kwa kushikana. Ukifundishwa bega, utalishika bega la mwenzako, naye atalishika lako. Ukifundishwa nyonga, ni hivyo hivyo, mkiwa mmevaa kaptura na fulana. Kwa vijana waliolelewa kwa staha, hasa mabinti, jambo hili huwa gumu mwanzoni. Vyuo vinavyofundisha vizuri huwapanga wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, na kuweka mapazia. Mwenye hofu aseme mapema, asikilizwe. Lakini faida yake ni kubwa. Ukishaona unavyojisikia pale mtu anapokushika bila kukueleza anataka kufanya nini, hutamshika mgonjwa hivyo maisha yako yote. Utamsalimu, utajitambulisha, utamwambia, "Mama, naomba niushike mguu wako hapa chini ya goti, ukiumia niambie." Utamfunika sehemu ambayo huna shughuli nayo.

Nikisema juu ya kuzungumza na mgonjwa, hapo nakaa kidogo, maana naona vijana wengi wanakwama hapo. Darasani mnasoma kwa Kiingereza. Mtihani ni Kiingereza. Halafu unakutana na bibi wa miaka 70, na unatakiwa umfundishe kukaza msuli wa mbele ya paja. Utamwambia nini? Nimeona mwanafunzi anayejua kila jina la msuli ule akibaki ameduwaa mbele ya kitanda. Mwenzake akachukua kitenge cha bibi, akakiviringa, akakiweka chini ya goti, akasema, "Bibi, kibane kitenge chini, kama unataka kukizamisha godoroni. Kaza. Usibane pumzi. Hesabu na mimi mpaka 5. Haya, achia." Bibi akafanya. Akafanya tena peke yake. Nyumbani kwake kuna kitenge na kuna godoro, kwa hiyo zoezi lile litafanyika. Anzeni mapema kujizoeza: kila zoezi mnalofundishwa, mwambie mama yako kwa Kiswahili mpaka alifanye sawasawa bila wewe kumshika.

Vifaa navyo ni hivyo hivyo. Mtafunzwa mashine, na ni vizuri mzijue. Lakini hospitali nyingi mtakazopangiwa zitakuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na mashine inayosubiri fundi. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukikatwa utepe, unatosha kuimarisha misuli ya bega. Mfuko wa mchanga uliopimwa kilo moja ni uzito kamili. Vyuma sambamba vya kujifunzia kutembea, kijijini hujengwa kwa mianzi au miti miwili iliyofungwa kwenye nguzo, na mtoto akavishika akatembea. Mwalimu wenu akiwaonyesha mashine, muulizeni: na isipokuwepo?

Sasa wagonjwa wenyewe. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanataka mpira wa miguu. Wamemwona mtaalamu akikimbia uwanjani na begi mechi za Ligi Kuu, wanatamani wawe yeye. Ni kazi nzuri, na vilabu vinahitaji watu hao. Lakini nenda hospitali yoyote ya rufaa utazame walioketi kwenye benchi la idara yetu. Utamkuta mama aliyepata kiharusi, amesindikizwa na binti yake. Utamkuta mtoto mwenye mtindio wa ubongo mgongoni kwa mama yake, na mtoto huyo ana miaka 5 tayari, mzito, na mama amepanda daladala mbili. Utamkuta aliyeungua moto, shingo imeanza kuvutwa na kovu. Utamkuta mwalimu mwenye maumivu ya mgongo, ambaye amelala wiki nzima kwa kuambiwa apumzike, wakati mgongo wa kawaida unataka ujongee taratibu. Hao ndio wengi. Ukiwapenda hao, utaipenda kazi.

Kiharusi nakiongelea zaidi kidogo, kwa sababu wapo wanaonisikiliza wenye mgonjwa nyumbani jioni hii. Siku za mwanzo mkono uliopooza unakuwa mlegevu kabisa, na bega linashikiliwa na misuli ambayo haifanyi kazi. Ndugu kwa upendo wao wanamnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono ule ule. Bega linateguka kidogo kidogo, na baadaye mgonjwa analia kwa maumivu ya bega kuliko ya kiharusi chenyewe. Tafadhali msimvute mkono uliopooza. Mkono ule uwekewe mto chini yake, na mgonjwa anayeshindwa kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulala. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kazi yake humfundisha binti wa mgonjwa mambo haya siku ya kwanza, wala hangoji siku ya kuruhusiwa. Kwa nini? Kwa sababu, narudia, mgonjwa huyu akirudi nyumbani, atafanya nini, na atafanya na nani?

Na familia nyingine zitakuwa zimeshapita kwa mganga kabla ya kufika kwako. Usiwadhihaki. Ukimdhihaki mama mkwe wa mgonjwa, hatamleta tena. Mpokee, mweleze kwa upole kilichotokea kwenye ubongo, mwonyeshe kidole kilichojongea leo ambacho jana hakikujongea. Ushahidi huo una nguvu kuliko mabishano.

Kwa watoto nataja moja tu, miguu kifundo, wale wanaozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Kuna njia ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu unanyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, wiki kadhaa, kisha mara nyingi kuna mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, halafu viatu maalumu vya kuvaa usiku mpaka mtoto afike karibu miaka 4. Katika kliniki nyingi za nchi zetu anayefunga plasta hizo si daktari bingwa. Ni mtaalamu wa fiziotherapia au tabibu. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wamefanya kazi hii kwa watoto wengi. Sehemu ngumu si plasta. Ni kumfanya mama aamini kwamba vile viatu bado vinahitajika wakati mguu tayari umenyooka na mtoto anakimbia uani.

Haya, ajira. Najua wazazi mnangoja hapa, na ni haki yenu.

Nitasema wazi. Uhitaji ni mkubwa. Utafiti wa dunia uliotumia takwimu za mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya 3 ana hali ambayo huduma za utengamao zingemsaidia. Lakini uhitaji na nafasi za kazi ni vitu viwili. Wapo wahitimu wazuri wanaosubiri kibali cha ajira huku wagonjwa wamejaa mabenchi, na jambo hilo linaniuma. Hospitali ya wilaya yenye wodi ya majeruhi na mtaalamu mmoja tu wa fiziotherapia, au isiyo naye kabisa, inawaruhusu watu waende nyumbani wakiwa wamepona nusu. Wanaopanga ikama za hospitali walione hilo. Mfupa uliounganishwa vizuri kwenye mguu usiotembea ni fedha ya umma iliyotumika nusu.

Kwa kijana, basi, maandalizi yaanze kabla ya kuhitimu. Baada ya shahada kuna mwaka wa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, kisha usajili na leseni. Bila leseni hufanyi kazi. Kenya wana sheria yao mahususi ya mwaka 2014 na baraza la wataalamu wa fiziotherapia. Mwaka ule wa intani usiutumie kujificha. Omba kupita kila wodi, hata ile ya mahututi ambako kazi ni kusaidia mapafu yatoe makohozi, na wengi huikimbia. Zaidi ya serikali kuna hospitali za mashirika ya dini, kliniki binafsi, vilabu vya michezo, na kazi ya kuwafuata wagonjwa majumbani, ambayo mijini inakua. Wanaofikiria kwenda nje nao wajue kila nchi ina mlango wake: Uingereza lazima usajiliwe na baraza lao, Marekani kuna mtihani wa leseni na wao husomesha fani hii hadi ngazi ya udaktari wa fiziotherapia. Kwa hiyo tunza mtaala wa masomo yako na rekodi ya saa zako za wodini tangu mwaka wa kwanza. Ukizitafuta miaka 6 baadaye utahangaika.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama binti yake mwembamba ataweza kunyanyua wagonjwa. Ataweza. Hatunyanyui kwa mabavu. Unakunja magoti, unamsogelea mgonjwa, unamwinamisha mbele mpaka uzito wake uje juu ya miguu yake, naye anainuka mwenyewe kwa msaada wako kidogo. Mabinti wembamba niliowafundisha wamewasimamisha wanaume wa kilo 90. Wavulana wenye vifua ndio waliokuwa wakilalamika mgongo, kwa sababu walitegemea mikono.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma maombi wiki hii, fanya jambo moja. Nenda hospitali ya mkoa iliyo karibu nawe, ulizia idara ya fiziotherapia, jitambulishe kwa heshima, omba ruhusa ukae nao asubuhi moja. Uongozi ukikubali, na mgonjwa akikubali, tazama. Usiangalie mashine. Tazama mtaalamu anaongea na mgonjwa muda gani, na mgonjwa anafanya mwenyewe kiasi gani. Kisha ujiulize kama ungependa kuwa pale kesho tena. Kama jibu ni ndiyo, iweke fiziotherapia chaguo la kwanza. Na kama ni hapana, mwachie nafasi hiyo mwenzako anayeitaka, wewe usome kinachokuvuta.

Muda wangu umekwisha, mwenzangu wa taarifa ya habari ameshakaa kitini. Septemba 8 ni siku ya fiziotherapia duniani, na mara nyingi idara za hospitali hufungua milango siku hiyo na kuwapima watu, kwa hiyo mwenye bibi au babu anayelalamika magoti aulizie hospitali ya karibu. Wiki ijayo, saa kama hii, nitazungumza na akina mama juu ya mgongo baada ya kujifungua.